Jinsi ya Kukubaliana Kuhusu Siri Kabla ya Kuanza Ushauri wa Ndoa

Wanandoa wengi wa Nairobi wanapoamua hatimaye kumwona mshauri nasaha, huwa wamekwisha kuulizia mambo mawili, yaani ada ya kikao na mahali ofisi ilipo. Jambo la tatu, ambalo ni kule yatakakofika maneno yao yakishatoka vinywani, huachwa mpaka siri ivuje, na hapo kuliulizia hakusaidii tena. Mwongozo huu ni wa watu wanaotarajia kuanza ushauri wa uhusiano, wawe wamefunga ndoa kanisani, msikitini, kimila au mbele ya msajili wa ndoa pale Sheria House, au wawe bado ni wachumba. Nitaeleza hatua za kuchukua ili makubaliano kuhusu siri yawekwe mapema, kabla mmoja wenu hajatamka lile linalomuumiza. Naamini kwa dhati kwamba ushauri haufanyiki pasipo makubaliano hayo, kwa kuwa mtu asiyejua nani atasikia maneno yake husema yale tu yanayompamba, na mshauri aliyesikilizishwa mapambo hana la kushauri.

Mjueni kwanza mtu mnayemwendea

Jijini Nairobi jina la kaunsela hubebwa na watu wa namna nyingi. Yupo aliyesomea ushauri nasaha au saikolojia na kusajiliwa; yupo mchungaji au imamu; wapo wasimamizi wa harusi, wale mume na mke waliosimama nanyi siku ya harusi na ambao kanisa linatarajia waendelee kuwalea katika ndoa; na yupo shangazi ambaye ukoo mzima humpigia simu nyumba inapowaka moto. Wote wanaweza kuwa na busara, na simdharau hata mmoja wao, lakini wajibu wao wa kutunza siri haufanani. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia watu wa taaluma hiyo, na chama chao kinachojulikana kwa kifupi kama KCPA kina kanuni za maadili zinazowafunga wanachama wake. Kwa mshauri wa taaluma, kutoa siri ya mteja ni kosa la kinidhamu ambalo mteja anaweza kulilalamikia rasmi. Kwa shangazi, ni aibu ya kifamilia, nayo huamuliwa kwenye kikao cha ukoo ambako siri yenyewe hurudiwa mbele ya wote waliohudhuria.

Mkimchagua mchungaji, muulizeni waziwazi kama mtakayosema yatafika kwa wazee wa kanisa, kwa mke wake, au kwenye mahubiri. Mahubiri nayataja kwa makusudi. Mhubiri anaposema kwamba wapo ndugu wawili, ambao hatawataja, waliokaribia kuachana kwa sababu ya mikopo ya simu, yeye hudhani ameficha majina, kumbe waumini wa kanisa dogo la mtaani Kayole au Kawangware wamekwisha kugeuza shingo kuwatazama wahusika. Ombi la kuzuia jambo hilo hutolewa mapema na kwa heshima: "Pasta, tunaomba jambo letu libaki ndani ya chumba hiki, na tukiona linafaa kuwa ushuhuda, tutakuja kukuambia wenyewe."

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Pigeni simu, au nendeni kumsalimu, kabla ya kuweka miadi. Muulizeni kama amesajiliwa na ana uanachama gani, na kama amewahi kufunzwa kazi ya kushauri watu wawili kwa pamoja, maana wengi wamefunzwa kumshauri mtu mmoja na hawajawahi kufikiri kwa kina kuhusu siri inayokaa kati ya wawili. Ombeni kuona makubaliano ya ushauri yaliyoandikwa, myachukue nyumbani, myasome bila haraka, kisha ndipo mtie saini. Mshauri anayewaharakisha kutia saini huku kalamu iko mkononi mwake amewapa habari ya kutosha kuhusu kazi yake.

Ndani ya makubaliano hayo tafuteni mambo yafuatayo: nani mwingine anaweza kusoma maandishi ya vikao, maandishi hayo yanahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na itakuwaje mmoja wenu akiomba nakala ya faili yenye maneno ya wote wawili. Swali hili la mwisho husahauliwa sana, na ndilo linalorudi kwa kishindo ndoa inapofika mahakamani. Suluhisho zuri ni kukubaliana kwamba faili ni ya wote, na kwamba nakala haitatolewa kwa mmoja mpaka mwenzake atoe ridhaa kwa maandishi.

Msishtuke mkisikia kwamba mshauri wenu ana msimamizi wake. Mshauri makini hukutana mara kwa mara na mshauri mwenye uzoefu zaidi ili kazi yake ikaguliwe, naye huzungumzia kesi bila kutaja majina wala mambo yatakayowatambulisha wateja. Huo ni ulinzi kwenu, mradi mmeelezwa mapema na mmehakikishiwa kwamba msimamizi huyo si jirani yenu wala jamaa yenu. Hali ni tofauti ikiwa mshauri bado ni mwanafunzi anayetaka kurekodi kikao kwa ajili ya mafunzo. Kurekodi kunahitaji ridhaa yenu ya pekee, na mna haki ya kukataa bila kunyimwa huduma.

Semeni pia kuhusu anayelipa. Mume akilipa ada yote, au mama mkwe akisaidia, malipo hayo hayamnunulii haki ya kuuliza nini kilisemwa. Ikiwa bima ya kazini ndiyo inayolipa, ulizeni ni maneno gani hasa yataandikwa kwenye fomu ya madai, na kama ofisi ya rasilimali watu itaona majina au itaona idadi tu ya wafanyakazi waliopata huduma.

Siri ya mmoja kati ya wawili

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Watu huogopa mshauri atawatangaza kwa majirani, lakini hatari iliyo karibu zaidi imo ndani ya chumba kile kile, pale mmoja anapomwambia mshauri neno ambalo mwenzake halijui.

Tuchukue mfano. Wanandoa wamehudhuria vikao viwili. Jumatano mchana mke anampigia mshauri simu akiwa kazini na kusema kwa sauti ya chini: "Madam, naomba Baba Brian asijue kwamba nimekupigia. Kuna mtu wa hapa kazini tulikuwa na mambo naye mwaka jana, lakini yalikwisha." Alhamisi saa kumi na mbili jioni wote watatu wameketi pamoja, na mume anauliza: "Madam, wewe unavyotuona, Mama Brian hanifichi kitu kweli?" Mshauri akijibu kweli, amemsaliti mke aliyemwamini, akijibu kwamba hajui, amemdanganya mume, na akinyamaza, uso wake umekwisha kujibu. Kosa halikufanyika Alhamisi. Lilifanyika siku ya kwanza, pale ambapo hakuna aliyeeleza nini kitatokea iwapo mmoja ataongea peke yake.

Washauri wana misimamo ya aina tatu kuhusu jambo hili, na mna haki ya kujua wa kwenu ni upi. Wapo wanaosema kwamba hawatunzi siri yoyote kati ya wanandoa: unachoniambia peke yako, nihesabu niko huru kukileta mbele ya mwenzako. Wapo wanaotunza kila kinachosemwa faraghani, hata kama kinaathiri ushauri wenyewe. Na wapo wanaosimama katikati, ambao hutunza neno la mmoja kwa muda, wakimsaidia alitoe mwenyewe, na akikataa kabisa huacha kuwashauri wawili hao bila kueleza sababu. Chama cha washauri wa ndoa na familia cha Marekani, AAMFT, kimeandika katika kanuni zake kwamba mshauri asimfunulie mwenzi mmoja siri ya mwingine bila ruhusa ya maandishi ya mwenye siri, na hii ndiyo sababu wenye msimamo wa kwanza huhitaji saini zenu mapema.

Kwa maoni yangu msimamo wa katikati ndio unaowafaa wengi, kwa sharti kwamba muda utajwe. Neno "kwa muda" lisilo na mwisho humgeuza mshauri kuwa mshirika wa mficha siri, na mwenzi aliyefichwa akija kugundua kwamba mshauri alijua kwa miezi mingi, huumia mara mbili na hatamwamini mshauri mwingine tena. Mnaweza kuandika hivi: "Jambo ambalo mmoja wetu atamwambia mshauri peke yake, na ambalo mshauri anaona linagusa uamuzi wa mwenzake kuhusu ndoa hii, litasemwa na mwenye jambo ndani ya vikao vitatu, mshauri akimsaidia kutafuta maneno. Asipolisema, mshauri atasitisha ushauri wa pamoja na kumwelekeza kila mmoja kwa mshauri mwingine, bila kufichua jambo lenyewe." Idadi ya vikao mtaipanga wenyewe. Semeni pia kama simu na ujumbe wa WhatsApp kati ya vikao vinahesabiwa kuwa sehemu ya kikao, kwa sababu siri nyingi hutolewa huko, usiku, baada ya ugomvi.

Pana hali moja ambayo makubaliano ya kutofichana hayafai kabisa, nayo ni pale penye kipigo, vitisho au woga. Mtu anayepigwa hawezi kusema kweli akiwa ameketi kando ya anayempiga, na akisema, huenda akaadhibiwa kabla hawajafika nyumbani. Mshauri mwenye ujuzi huomba kuonana na kila mmoja peke yake mwanzoni, akauliza juu ya usalama, na jibu analopata halitoki nje ya mazungumzo hayo. Ikiwa wewe ndiye unayeogopa, usitie saini karatasi inayosema kwamba kila neno lako litamfikia mwenzako. Mwambie mshauri faraghani, au piga simu bila malipo kwa nambari 1195, ambayo ni ya kitaifa kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia. Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inakuwezesha kuomba mahakamani amri ya ulinzi, na katika hali kama hiyo usalama wako hutangulia ushauri wa ndoa.

Suala la virusi vya UKIMWI nalo lina sheria yake. Sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inakataza kutoa matokeo ya kipimo cha mtu bila ridhaa yake ya maandishi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo. Kwa hiyo, hata mshauri asiyetunza siri kati ya wanandoa hana ruhusa ya kulitamka jambo hili kwa niaba yako eti kwa sababu anaona ni vyema lijulikane.

Mahali ambapo siri ina mpaka

Mshauri anayeahidi kwamba hatasema lolote, kwa yeyote, kwa hali yoyote, anaahidi asichoweza kukitimiza. Maisha ya mtu yakiwa hatarini, awe ni wewe mwenyewe au mtu uliyetishia kumdhuru, mshauri atachukua hatua. Mtoto akiwa anadhulumiwa, atatoa taarifa. Wazo kwamba mshauri ana wajibu wa kumlinda mtu wa tatu lilipata nguvu katika kesi ya Tarasoff iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya California mwaka 1976, baada ya mwanafunzi kuuawa na kijana aliyekuwa amemweleza mwanasaikolojia nia yake. Uamuzi huo si sheria ya Kenya, lakini mafunzo ya washauri duniani kote yameathiriwa nao, na mshauri wenu anapaswa kuwaeleza jinsi yeye anavyoufuata wajibu huo.

Mpaka mwingine ni mahakama. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inayakinga mazungumzo ya wakili na mteja wake, na mshauri msimweke kwenye kiwango hicho: mahakama ikitoa amri, anaweza kulazimika kueleza au kuleta maandishi. Basi, ikiwa kesi ya talaka au ya malezi ya watoto imekwisha kufunguliwa, ongeeni na wakili kabla ya kuanza vikao. Upatanishi unaoendeshwa chini ya mahakama, ambao ulianzishwa kwa majaribio katika mahakama za Milimani mwaka 2016, ni kitu tofauti na ushauri nasaha na una kanuni zake za usiri.

Mlangoni, simuni na nyumbani

Siri nyingi za Nairobi hazivujishwi na mshauri. Zinavuja getini. Katika majengo mengi ya ofisi, bawabu hukusukumia kitabu kikubwa cha wageni, uandike jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, ofisi unayokwenda na sababu ya kuja, huku ukiona vizuri majina ya wote waliokutangulia tangu asubuhi, nao watakaokuja baadaye wataliona lako. Muulizeni mshauri mapema kama ana mpango na walinzi, kwa mfano wa kuandika nambari ya ofisi pekee. Muulizeni pia kama anaacha nafasi ya dakika kumi au kumi na tano kati ya wateja, ili msikutane kwenye viti vya kusubiria na mwanachama mwenzenu wa chama.

Malipo ya M-Pesa huacha jina la biashara kwenye ujumbe na kwenye taarifa ya akaunti. Mkiwa wote mmekubali kuja, hilo halina neno. Lakini kwa anayekwenda peke yake kwanza kutafuta msaada, na simu yake husomwa nyumbani, jina la kituo cha ushauri kwenye skrini linaweza kuleta balaa, hivyo aulize njia nyingine ya kulipa.

Vikao vya mtandaoni vimewasaidia sana walio na watoto wadogo au wanaokwama kwenye msongamano wa Barabara ya Thika, ila nyumba za kupanga zina kuta nyembamba. Chagueni saa ambayo watoto na dada wa kazi hawapo, tumieni visikizi, na hakikisheni kwamba programu haihifadhi video yenyewe kwenye akaunti ambayo familia nzima inaingia. Kuketi ndani ya gari lililoegeshwa ni afadhali kuliko sebuleni. Mwambieni mshauri naye aonyeshe chumba alichomo, ili mjue hayuko mgahawani.

Kisha kuna ninyi wawili, maana mshauri hawezi kutunza kile mnachokitoa wenyewe. Penye kuku wengi usimwage mtama: kikundi cha WhatsApp cha madada, meza ya nyama choma ya Jumapili, wala simu ya jioni kwa mama mzazi si mahali pa kusimulia mwenzako alivyolia kikaoni. Kubalianeni juu ya mtu mmoja au wawili ambao kila mmoja anaweza kuwaegemea, mtaje majina yao mbele ya mwenzako, na msemeane kwa uwazi wataambiwa mambo ya aina gani. Lililo gumu zaidi ni kutotumia nyumbani silaha iliyookotwa kikaoni. Mume aliyekiri kwamba anaogopa kufilisika kama baba yake, kisha akatupiwa neno hilo siku ya ugomvi wa karo, hatafungua kinywa tena kwa mshauri yeyote, na nadhani ana haki. Wekeni sharti kwamba lililosemwa kikaoni halirudiwi kwenye ugomvi, na anayelirudia alitaje mwenyewe katika kikao kinachofuata.

Siri ikivuja, na faili baada ya kumaliza

Mkishuku kwamba mshauri ametoa siri, anzeni kwa kumuuliza yeye mwenyewe kwa maandishi, mkitaja nini kimesikika, wapi na lini. Wakati mwingine hugundulika kwamba aliyevujisha ni karani wa mapokezi, au mmoja wenu. Mshauri asipojibu, au jibu likiwa la kukwepa, malalamiko yapelekwe kwa bodi au kwa chama alichosajiliwa. Kama ni mchungaji, yapelekwe kwa uongozi ulio juu yake katika dhehebu hilo.

Njia nyingine ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyojengwa juu ya haki ya faragha katika Kifungu cha 31 cha Katiba. Sheria hiyo inazihesabu habari za afya, hali ya ndoa na maelezo ya familia, yakiwemo majina ya mwenzi na watoto, kuwa data nyeti. Data ikifikiwa na asiyeruhusiwa na pakawa na hatari ya kweli ya madhara, anayeihifadhi anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Nanyi mnaweza kulalamika kwa Kamishna wenyewe, na sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Hifadhini ushahidi wenu: picha za jumbe, tarehe, na makubaliano mliyotia saini.

Hata mambo yakienda vizuri, msiondoke kikao cha mwisho kabla ya kuulizia faili. Ulizeni itahifadhiwa kwa muda gani, itaharibiwa kwa njia gani, na nani ataichukua mshauri akihama mji, akistaafu au akifariki. Mna haki ya kuomba kuona kilichoandikwa kuwahusu na kutaka kosa lirekebishwe. Ombi hilo liandikeni kwa barua pepe, mlitie sahihi wote wawili, na muombe jibu liwafikie nyote kwa pamoja.